Makosa ya Mpigachapa

Kitabu kilikuja Sumail ndani ya sanduku la bati,
kimeviringishwa kanga, baina ya mkebe wa karafuu
na cheti cha ndoa cha serikali isiyokuwepo tena.
Jalada lake jekundu limeshakuwa rangi ya chai:
*Visa Mia vya Kutisha, Vilivyotokea Kweli.*
Shilingi mbili u nusu. Na kwenye dibaji mtungaji anajitapa:

   Msomaji nisikiza, sisemi yangu naapa,
   Yote nimejionea, mashahidi nitawapa.

Mashahidi wenyewe ndio hawa: "mtu mmoja mwaminifu",
"karani wa forodha, jina tumelihifadhi",
"shangazi yake mke wangu, ambaye hajapata kusema uongo
ila siku ya harusi yake."
Mie nilikuwa nacheka.
Mkono uliokatwa, unakuna nazi usiku.
Maiti aliyerudi dukani kudai chenji yake.
Bibi Shinuna hacheki. Anapiga mstari kwa penseli ya seremala.

Kisa cha arobaini na moja.
Mtu wa Omani ya ndani alimzika mkewe Alkhamisi.
Mwaka wa tatu, usiku, akakuta kundi la mbuzi linavuka wadi,
nyuma yao mchungaji asiye kivuli,
na katikati ya mbuzi yule mke, anakwenda kwa mwendo wao,
kovu la mafuta ya moto lipo pale pale mkononi.
*Alimwona*, kinasema kitabu,
kama ninavyokuona wewe msomaji.
Mke akapita. Asubuhi kaburi likafukuliwa:
gogo la mtende, limevishwa sanda.

Pembeni, mwandiko wa Bibi,
umekandamizwa mpaka karatasi imetoboka:
*Kwa nini hakumwita jina?*

Mama yangu mdogo aliitwa Ghuneima.
Homa ya siku mbili, mwaka wa sabini na nne. Miaka tisa.
Majirani walikuja kutoa mkono,
wakaacha jikoni neno jengine:
huyo hakufa, amegaibishwa.
Wanaume hawakulijibu.
Bibi alilipokea kama mtu aliyepewa mtoto wa kulea.

Ndiyo maana mlango wa uani haukupata komeo miaka arobaini.
Ndiyo maana kila Ijumaa asubuhi, soko la mbuzi Nizwa,
na hanunui. Anainama, anawatazama machoni mmoja mmoja,
ananong'ona, mchuuzi anangoja atajiwe bei,
kisha huyo, anarudi mikono mitupu.
Sisi tukisema, Bibi na ubahili wake.

Tumemzika mwaka jana.
Na juzi, Matrah, duka la vikuukuu nyuma ya soko,
chini ya redio mbovu, nikakiona kitabu kile kile,
nakala nyingine, nzima. Nikafungua mwisho.
Pana ukurasa ambao chetu hakina.

   MAKOSA YA MPIGACHAPA
   Uk. 12, "paka wangu", soma "kaka yangu".
   Uk. 63, "alimwona", soma "alimwota".

Herufi moja tu, imeshikwa na vidole vya mtu mwenye usingizi.

Nimelipa riali mbili bila ya kupatana.
Nyumbani nikakitoa chetu, nikakiweka kwenye taa.
Pale mwisho pana kishina cha karatasi, hakikuchanika;
kimekatwa kwa wembe, taratibu, mstari mmoja,
mkono wa mtu aliyezoea kukata vitambaa vya kofia.

Kumbe alisoma.
Tangu lini? Unguja, bado mwali, kwa kupenda tu kisa kiwe kweli?
Au hapa, baada ya ile Alkhamisi yake mwenyewe?
Kishina hakisemi.

Jana usiku narudi, karibu na wadi,
mbuzi wakakatisha barabara, macho kijani kwenye taa za gari.
Nikasimama. Nikashusha kioo, joto likaingia.
Mchungaji sikumwona, wala sidai kumwona,
wala sina shahidi wa kukupa.
Niliita jina, basi.

Mmoja akageuza kichwa.
Lakini mbuzi, uite lolote, hugeuka.