Milimita Nne

Mnyororo ulinitoka mara ya tatu darajani, hapa Bayamo,
saa nane usiku, nikienda bekari kukanda unga.
Haukukatika. Ungekatika ningeuelewa.
Ulijivua tu, kama mtu avuavyo kiatu kinachombana,
ukajilaza barabarani na grisi yake,
na injini ikabaki inanguruma papo hapo,
injini niliyoing'oa kwenye pampu ya kunyunyizia mbu,
ina nguvu tele, haina cha kuvuta.
Rikimbili, ndivyo tunavyoviita vyombo hivi:
baiskeli iliyopewa moyo wa kitu kingine.

Shemeji Eulogio ana dawa moja kwa maradhi yote:
kaza.
Cheni inaruka? Kaza.
Inalia? Kaza.
Inatafuna spoku? Hujakaza.
Ndoa ya bintiye aliikaza hivyo hivyo,
mkwe akakimbilia Camagüey.

Nikakaza.
Nikasogeza kapi, nikapunguza pingili mbili kwa tupa,
mnyororo ukawamba kama waya wa gitaa.
Ukaruka vile vile,
safari hii ukaondoka na mguu mmoja wa suruali.

Osmara alikuwa dirishani, anatia pindo gauni la mtu.
Umeme umekatika, kibatari mezani.
"Hiyo haijalegea," akasema. "Hiyo imekwenda upogo."
"Mbona mimi siuoni?"
"Unaitazama ubavuni. Pindo halitazamwi ubavuni.
Nenda nyuma, upige magoti."

Nikapiga magoti nyuma ya gurudumu,
jicho moja nimelifumba.
Akachomoa uzi mweupe kwenye cherehani,
akaulaza juu ya uso wa giya kubwa,
ile tuliyoibana kwenye spoku kwa raba za tairi la trekta,
uguse meno ya nyuma, uguse meno ya mbele,
kisha akauvuta mpaka kwenye giya ndogo ya injini.

Uzi haubembelezi mtu.
Ulipita nje ya ile giya ndogo,
katikati ukaacha upenyo
wa sarafu mbili zilizobebana.

Milimita nne.
Kwa milimita nne nimesukuma chuma usiku kumi na moja.
Kwa milimita nne mikate imechelewa,
na Eulogio ameapa kwa kaburi la mamaye.

"Giya yenu ina kitumbo," Osmara akasema, "kama sahani ya supu.
Mmeiweka kama ya kulia.
Igeuze kama ya kukaushia."

Bolti tisa.
Nilipoanza kulegeza, Eulogio alisimama mlangoni
na uso wa mtu aliyefiwa.
Nikaigeuza. Nikatia moja, nikaruka kwa mwenzake wa mkabala,
kidogo hapa, kidogo kule, bila kuikamia hata moja.
Nikashika kipande cha chaki karibu na meno, nikazungusha.
Palipoguswa palikuwa pamevimba nje, nikaparudisha.
Nikazungusha tena. Chaki haikuandika kitu.

Usiku huo, kufika darajani, nilipunguza mwendo
kwa mazoea tu, mguu tayari kushuka.
Mnyororo ukapita, pingili baada ya pingili,
kila moja ikikuta jino lake limeshafika.
Mbwa wa mlinzi, aliyezoea kunisindikiza nikisukuma,
alibweka mara moja
akakosa la kufanya.

Asubuhi Eulogio akaja kuchukua mkate.
"Ulikaza?"
"Nilikaza."
"Nilikwambia."
Nikamwongezea mmoja uliopinda, bado wa moto.

Ila mfukoni nimebakiwa na nati.
Bolti tisa, nati kumi.
Osmara anasema niache kuitafutia kwao,
nami naizungusha vidoleni nikipima unga,
na kila nikipanda, kabla ya kuvuta klachi,
nageuka kwanza, naangalia nyuma.