Kitufe Kimehama

Umeme ulirudi alfajiri, saa kumi na moja,
na kompyuta, bila kumuuliza mtu,
ikajivua nguo ya zamani ikavaa mpya.
Nilifika saa mbili na chapati yangu kwenye gazeti,
nikafungua duka, pale nyuma ya soko la Mbuyuni,
nikaikuta inang'aa kama bwana harusi
asiyemjua hata mmoja wa wageni wake.

Madirisha yamekatwa pembe.
Fundi gani huyu wa madirisha,
haji na futi, hapigi hodi,
na asubuhi hayupo hata wa kumlaumu?
Maneno chini ya vitufe yamefutwa,
zimebaki picha: kitu kama mkasi, kitu kama ndoo,
kitu ambacho Elinami asema ni wingu
na mimi naona kondoo.
Na kile cha kuanzia, kilichokaa kona ya kushoto
tangu dada aliponifundisha kushika kipanya,
kimesogea katikati,
kimeketi kama mgeni rasmi.

Wa kwanza kuingia ni Bi Apaikunda,
karani wa chama cha msingi, ameshuka kutoka Uru
na malipo ya kahawa kwenye flashi.
Mkono ukaenda konani wenyewe,
kama ulimi uendavyo kwenye pengo
wiki nzima baada ya jino kung'olewa.
Ukabonyeza hewa. Ukabonyeza tena.
"Kimekufa?"
Hakijafa, mama. Kimehama.
"Kimehama! Kwani kilikuwa kinadaiwa kodi?"

Elinami wa chuo cha ushirika akacheka.
Safi, alisema, imetulia, inafanana na simu.
Hakuna aliyemjibu.

Bwana Lyaruu hakuja kutazama uzuri.
Alitaka ratiba za mazishi ya mama mkwe, nakala mia mbili,
ibada saa saba, na sasa ni saa nne na nusu.
Tulitafuta pa kuchapia, mimi na yeye na Apaikunda,
vichwa vitatu mbele ya kioo kimoja,
mpaka tukakuta pamefichwa nyuma ya nukta tatu
kama siri ya ukoo.
"Mimi nina maiti Mawenzi," alisema taratibu,
"na hawa wananichezea kombolela."

Mwalimu Kisamo, mstaafu, hakusema kitu.
Alilipia kurasa zake nne,
akageuza risiti, akaandika mgongoni, akaniachia:

*Nani kahamisha kiti, usiku tumeshalala,*
*kakiweka katikati, pasipo hata jamala?*
*Naketi, kumbe siketi, nakaa juu ya ndala.*
*Nataka kuleta hati, mwenyewe hana mahala.*

Niliibandika ukutani, juu ya bei za lamination.
Wateja waliisoma wakisubiri,
wengine wakaomba nakala, shilingi mia.

Jioni moja mvua ilinizuia dukani.
Nikachimba mipangilio, mlango ndani ya mlango,
nikaona: kitufe chaweza kurudi kushoto.
Mbofyo mmoja tu.
Nikakirudisha. Nikazima taa nikitabasamu,
nikijiona nimemrudishia mtu shamba lake.

Bi Apaikunda alikuja Jumanne, malipo ya awamu ya pili.
Sikumwambia. Nilitaka kuona uso.
Akavuta kiti, akapangusa miwani kwa ncha ya kitenge,
na mkono, bila haraka, bila shaka,
ukaenda katikati.
Ukabonyeza hewa.

Alinigeukia polepole.
"Nani tena amekigusa?"

Nikasema umeme.
Nikainama nirekebishe,
na wangu nao, kati ya kona na katikati,
ukasimama kidogo,
haujui uende wapi.