Mguu wa Nyuma wa Kushoto

Ukiitazama tena, ngoja dakika ya arobaini,
pale joka linapopanda jiwe kumnusa binti mfalme.
Usitazame moto. Moto ni unga wa viazi na pampu ya baiskeli.
Tazama mguu wa nyuma, wa kushoto.
Ndio mimi:
miaka kumi na tisa, mshonaji msaidizi,
magoti nimeyafunga magunia,
pua imegandana na mgongo wa Ülo fundi umeme,
aliyekula vitunguu, Mola shahidi,
asubuhi, mchana na jioni.

Tulikuwa watu watano kwa kichwa kimoja.
Kichwani alikaa Heldur, kwa urefu wake na ukali wake.
Mkia tulimwachia kijana wa jikoni;
ujira wake, soseji.
Magamba ni vifuniko vya chupa za maziwa,
elfu kumi na moja na mia mbili.
Najua, maana kila kimoja kilinichoma kidole.
Shule zote za Saaremaa zilitunywea maziwa kipupwe kizima.
Upepo ukivuma, joka zima lilicheka cheche-cheche-cheche,
na Endel wa sauti akatupa vinasa vyake kwenye nyasi
akaenda kuvuta sigara baharini.

Mngurumo? Huo ni mlango wa ghala la kina Vilma,
umechanganywa na mkoromo wa baba yake.
Mzee hakuambiwa.
Alitoka sinema akikuna kidevu:
"Mnyama yule nimewahi kumsikia mahali."

Juni kule jua halina adabu ya kulala,
na hati inasema: usiku wa manane, giza totoro.
Basi usiku tukaupiga adhuhuri,
kioo cha buluu mbele ya lenzi,
mfalme ndani ya manyoya ya kondoo watatu
akitamka, "Baridi hii itatumaliza,"
na jasho likimchuruzika mashavuni.
Mkadhani analia.
Tukawaacha mdhani.

Farasi mweupe alikuwa wa kahawia. Chokaa.
Ikanyesha.
Darajani utamwona mweupe kichwani, matope kiunoni,
na shujaa aliyempanda ana saa mkononi:
saa tisa na dakika ishirini, chakula kimechelewa.

Triin, binti mfalme, aliingia pangoni na meno yake yote
akatoka na pengo.
Lilidondoka katikati, wakati wa kubadilisha filamu,
tukalitafuta kwa tochi, watu wazima kumi na wawili, tumepiga magoti.
Mwongozaji Arvi alikaa juu ya ndoo, kimya,
kisha akamnong'oneza mtoto maneno ambayo hayakuandikwa popote:
"Joka limechukua ushuru wake."
Mwaka ule, nchi nzima, kila jino liking'oka
mtoto alisema hivyo, akatema damu kwa fahari.

Halafu kifo chake.
Tuliambiwa tulegee kwa zamu:
mkia, miguu, shingo, kichwa mwisho.
Ndani mlikuwa moto kama tanuri, harufu ya gundi na vitunguu.
Nilihisi mgongo wa Ülo ukipanda, ukishuka,
kisha ukatulia.
Sote watano tulibana pumzi ili kitu kimoja kife.
Nje nilimsikia Triin akilia,
na hicho hakikuwa kioo cha buluu.

Sasa tazama mguu. Umeuona?
Umetikisika. Mara moja, kidogo.
Arvi hakuukata.
Zikaja barua, magunia mawili, mwandiko wa penseli:
Halikufa. Tumeona. Tafadhali liambieni tunajua.
Alitusomea kantini, sauti ikimkwama,
na Ülo, ambaye baadaye nilimzoea hata vitunguu vyake,
akanitazama juu ya kikombe, asiseme neno.

Alikuwa sisimizi mwekundu.
Aliingilia tundu la soksi.
Miaka arobaini nimeulizwa, na wajukuu, na wageni, na padri;
nawe ndiye wa kwanza kuambiwa.
Usiwafikishie waliotuma zile barua.