Bima Ndogo

"Kama hii ziko ngapi nchini?" aliuliza Mwasomola,
wakala wa bima, ghorofa ya pili pale Mafiati,
kalamu yake ikinusa karatasi.
Nikasema: moja.
Akaifunika kalamu.

Alinieleza bila ubaya. Bajaji anazijua:
katika mia, tisa zitapinduka, mbili zitaibwa,
na hesabu hiyo humpa usingizi.
Lori la mbao anajua litakatika breki kona ipi.
Lakini kitu kilicho peke yake
hakina ndugu wa kuulizwa hufaje.
"Kakusanye saa mia mbili, binti, ndipo urudi."
Saa mia mbili nizikusanye kwa kipi?
Kwa hicho hicho unachokikataa?
Akacheka, akaniagizia chai.

Tuliinunua kwa bwana mmoja wa mashamba ya chai, mimi na Lutengano:
viti viwili, kioo kama jicho la panzi,
na kiwanda kilichoiunda kilishafungwa.
Kitabu chake cha maelekezo kina picha nzuri
na lugha asiyoisoma mtu kutoka Tunduma hadi Makambako.
Mgeni siku mbili; ya tatu tukampa jembe,
akatema oili.
Mkanda wake mmoja ulikaa forodhani miezi minne
ukiitwa, kwenye fomu, "pambo".

Tunailaza Uyole, kwenye ghala la viazi la mama.
Mama huhesabu kwa lumbesa:
saa moja hewani, lumbesa nne na debe.
"Na yenyewe hubeba lumbesa ngapi?"
Hata moja, mama, haibebi. Huku juu hewa ni nyepesi kama uji wa bweni;
jua likishapanda, tukiwa wawili,
inatetemeka tu majanini
kama kuku anayeutamani ukuta.
Ndiyo maana tunaruka alfajiri, mmoja mmoja,
baridi ya Juni ikiwa bado imeikaza hewa,
na Loleza hajavua blanketi.

Mwishowe Mwasomola alitukatia bima ndogo.
Nimeisoma kuliko barua yoyote ya mapenzi:
nikiangukia bati la mtu, bati litalipwa.
Nikiua mbuzi, mbuzi atalipwa.
Mimi na chuma tutajuana wenyewe.

Saa ya themanini na moja, juu ya Umalila, injini ilinyamaza.
Bila kishindo. Ilinyamaza kama mtu aliyekumbuka jambo.
Mkono wa kushoto ukashuka kabla sijaogopa,
pangaboi likazungushwa na upepo wa kuanguka kwangu mwenyewe
(ujanja wote ndio huo, kuanguka ndiko kunakokushikilia)
na shamba la pareto likaja, jeupe, jeupe,
likasimama.

Wa kwanza kufika alikuwa Tusekile, mwenye shamba, jembe begani.
Aliniangalia. Akayaangalia matuta.
"Matatu," alisema. "Nani atayalipa?"
Nikacheka hadi nikalia. Nikamwambia:
hayo tu ndiyo yenye wa kuyalipa.

Ni dai pekee tulilowahi kuandika. Mwasomola alipanda mwenyewe Umalila
kwa pikipiki, akayapima matuta kwa hatua,
akaizunguka helikopta mara mbili, akaigonga kwa kidole
kama mtu anayechagua tikiti.
"Basi sasa najua kitu kimoja juu yake," akasema,
na hakusema ni kitu gani.
Ada ya mwaka huu imepanda.

Lutengano anataka kuuza nusu yake. Sijui nusu ipi,
ya kioo au ya mkia.
Mama anasema viazi vikikubali ataichukua yeye, afugie kuku.

Usiku ule nilifungua kitabu cha saa,
nikaandika kwa mkono uliotulia kuniliko:
Uyole hadi Umalila, rubani peke yake,
dakika ishirini na nne.
Nikaifunga kalamu. Nikaifungua tena,
nikaongeza zile sekunde za kimya.
Hizo nazo nilizirusha mimi.