Huyu Nani?

Numbi wangu haulizi "hiki nini."
Anakuja na kopo la maziwa ya unga,
kifuniko nilikitoboa kwa msumari,
anainua: mama, huyu nani?
kana kwamba nawajua wote hadi ukoo.

Nawajua.
Miaka sita katika vyumba viwili vya Katuba,
umeme ukija bila hodi na kuondoka bila kuaga,
utashindwaje kuwajua wapangaji wasiolipa kodi?

Mwenye masharubu marefu kuliko adabu zake ni mende.
Usimtafute mwenyewe. Tafuta punje nyeusi
kama majani ya chai, nyuma ya sanduku la vyombo,
na harufu ile ya mafuta yaliyolala.
Ukiwasha mshumaa anakimbia kama mwenye deni.

Na huyu bapa, amejibandika ukutani
kama aliyekanyagwa na lori la madini
akaamka, akaamua kubaki hivyohivyo?
Buibui. Wavu hasuki.
Weka kandambili chini, mwanangu.
Huyu ni zamu wa usiku, hana mshahara,
asubuhi utakuta miguu ya mende chini yake.

Kunguni humwoni, unaona kazi yake:
vidoa vya kutu kwenye mshono wa godoro,
na mkononi alama tatu kwa mstari
kama amepima na rula ya shule.
Mbu hutawanya. Kunguni hupanga foleni.
Bwana Kabamba mwenye nyumba alisema,
"Kwangu hakuna kunguni, mmekuja nao."
Nilimwonyesha foleni kwenye shingo yake mwenyewe.
Alifunga kifungo cha shati.
Mwaka ule kodi haikupanda.

Wateja wangu wa mjini hunicheka:
Mama Numbi, hata soksi unapiga pasi?
Hawamjui nzi yule wa rangi ya njano
anayetaga kwenye nguo mbichi kambani.
Jipu lenye kitundu kinachopumua si jipu,
ni funza, amepanga chumba begani mwako.
Makala yakipanda bei napunguza chumvi ya bukari.
Pasi sipunguzi.

Jana mvua ya kwanza.
Inswa wakamwagika, watoto wa jirani na masufuria,
Numbi akaleta wawili: mama, si ni ndugu hawa?
Tazama kiuno.
Huyu amejifunga mkanda, masharubu yamekunjwa kiwiko:
siafu mwenye mabawa.
Huyu hana kiuno, mabawa yake manne yanalingana:
inswa, mtoto wa mchwa.
Wametoka wapi?
Nikashika taa. Wametoka ukutani kwetu,
kona ya kitanda, kamba ya udongo mwembamba
inapanda kuelekea mbao za paa.

Sikumwambia kwamba matofali haya
yalikuwa kichuguu kirefu kuliko nyumba,
kwamba babake alikipiga sururu wiki tatu,
akafyatua, akachoma, akapokea nusu ya malipo,
akaenda Kolwezi kutafuta nusu nyingine
Numbi akiwa na meno mawili.
Labda mchwa wanarudi kwao tu.

Ndipo mlango ukagongwa. Mara mbili, kimya, mara moja.
Numbi akafungua, akabaki na kopo mkononi.
"Mama, huyu nani?"

Nikasoma alama.
Vumbi jekundu kwenye mikunjo ya shingo.
Kikohozi kipya.
Bega la kushoto limeshuka, la sururu, hilo nalijua.
Shati halijapigwa pasi muda mrefu.
Sikujibu upesi. Nilitaka kuwa na uhakika.

Akaingia, akajigonga kwenye kizingiti
alichokijenga mwenyewe,
akaona kitu bapa ukutani, akavua kiatu.

"Usimpige," Numbi akasema. "Huyu ni wa hapa."