Tundu la Paa

Tramu namba kumi na moja huyaacha maghorofa ya Riga
ikaingia msituni bila kupunguza mwendo,
kama mtu arudiye kwao.
Shuka kituo cha tatu. Nyumba yetu utaijua:
paa la baraza lina tundu,
na tunduni umepita msonobari.

Wapimaji wa kwanza waliweka sheria:
mti haukatwi, nyumba ndiyo ipishe.
Basi Bwana Holtfreter, muuza kitani,
aliirarua michoro yake mara mbili,
mwishowe akamwambia seremala, Toboa.
Mvua ya kwanza ikavuja hadi kwenye keki.
Ottilie, mkewe, akaweka ndoo, akacheka.

Mwaka wa thelathini na tisa Wajerumani wa mtaa
waliitwa kwao, kwao wasikokujua.
Wakapanda meli na masanduku saba.
Ufunguo waliutundika kwenye msumari wa mti.

Miaka iliyofuata haina hadithi, ina minong'ono.
Si mbali na reli ilizungushwa seng'enge.
Watu waliletwa, wakahesabiwa,
wakahesabiwa tena, wakawa wachache.
Mtaani mapazia yalikuwa mazito.
Nilipomuuliza, bibi yangu Velta alisema,
"Tulisikia,"
akaendelea kumenya viazi.
Hakuwahi kusema zaidi, nami
sikuwahi kuuliza mara ya pili.

Kisha familia tano, jiko moja, choo kimoja.
Kengele moja ya mlango: bonyeza mara moja kwa Kapitolina,
mara tano kwa Velta, na aliyekosea kuhesabu
alifunguliwa na matusi.
Kuni zilikuwa haba, baridi si haba,
na mti ule ulitazamwa kwa jicho la shoka.
Hakuna aliyeugusa. Zosim, baharia mstaafu, aliazima msumeno,
akalipanua tundu lililoanza kuubana,
akaandika ubaoni kwa penseli: 1958.

Sheria zikageuka tena. Akaja kijana wa Lübeck,
mjukuu wa Ottilie, hati ndani ya bahasha.
Hakuuliza habari za vyumba.
Alilipima tundu kwa shibiri, zikafika nne,
akasema bibi yake alimtajia mbili.
Alikaa kwenye ngazi hadi jioni.
Baadaye akauza: ghorofa ya juu kwa mtu wa benki
ambaye hatujamwona, vyumba vya chini kwa mama.

Siku hizi matangazo yanatuita kijani, tulivu,
hewa safi, dakika ishirini hadi mjini.
Ni kweli. Sindano za misonobari huziba mifereji ya paa,
kunde-miti hutupa maganda juu ya magari ya bei mbaya,
na usiku waweza kusikia ziwa
likijipigapiga ukingoni.

Leo nimepanda ngazi na msumeno.
Gome limeshika mbao, linasaga.
Nimekata duara, vidole vyanata utomvu,
nimeandika mwaka chini ya ule wa Zosim;
penseli ikakatika kwenye tarakimu ya mwisho.

Wingu limefunga upande wa ziwa.
Ilze, binti yangu, hajaambiwa,
naye anakuja na ndoo.