Kutia Chumvi

Jivii ile ile tuliyopakwa mdomoni
utotoni, ulimi ukiota utando,
tone moja la zambarau
nalidondosha kwenye bikari ya kostiki,
nabonyeza saa.

Chumbageni, maabara ya shule, Februari.
Feni imekata pumzi pamoja na umeme wa mtaa.
Beseni nalipoza kwa barafu za ubuyu
nilizokopa kwa Bi Tumbe wa getini.

Dakika kumi na moja: rangi imebaki nusu.
Kumi na moja nyingine: nusu ya nusu.
Haiishi kwa mkupuo,
inapungua kama deni la muungwana.

Mwalimu Kiluwasha hueleza kwa mikono miwili:
"Hewani, wawili hugongana wakaachana,
kila mtu na basi lake, kama stendi ya Kange.
Ndani ya maji sivyo. Maji ni Ngamiani.
Wakikutana wawili Barabara ya Kumi na Tano
majirani washawazunguka: huyu kaleta kiti,
yule anauliza hali ya mama,
watoto wameziba mlango.
Watagongana mara mia kabla ya kupata upenyo.
Mara mia, Mwanamkuu! Na moja huenda ikashika."

Nikacheka. Nikamkumbuka Mbwana
na kikao cha kutusuluhisha, watu kumi na wanane sebuleni.
Tuligongana mara zote mia.
Haikushika.

Basi nikataka kujua: na umati ukizidi?
Rangi ina chaji chanya, kostiki hasi,
wanavutana wenyewe, hawataki mshenga.
Tia chumvi, kila mmoja atapata wapambe,
na mvuto utafifia
kama sauti ya mume nyuma ya mawifi.
Ndivyo kitabu kinavyosema. Nikaenda Sahare,
nikanunua kilo moja ya majarubani, bado na mchanga,
nikachuja, nikapima, nikatia.

Maji yakafanya weupe.
Ukungu, kama tui la mkamuo wa pili.
Rangi sikuiona tena, saa ikahesabu bure.

"Magnesi," akasema mwalimu, wala hakukasirika.
"Bahari haitoi chumvi peke yake.
Kostiki imekuta mchumba mwingine humo."
Akanipa chupa ya chumvi safi,
nusu kijiko, masalio ya mkuu aliyestaafu.

Usiku wa kuamkia Jumapili umeme ukarudi.
Dakika kumi na tatu, sekunde arobaini.
Kumi na tatu, thelathini na nane.
Imechelewa. Kweli imechelewa.

Namba mbili si hoja, ni fununu,
na chupa imekwisha.
Mama kwenye simu: umegundua nini huko?
Nikamwambia, watu wakizidi, mambo huchelewa.
Akasema, hilo ningekwambia bure.

Daftarini nimeandika yote: ule ukungu,
gramu, na joto lililopanda digrii moja
niliposinzia.
Chumvi nilitia.
Habari sikuitia.